Omo Nje, Kichwa Ndani

Siku Badria alipoandikiwa sekunde hamsini, aliinama ufukweni akajifanya anakamua maji kwenye ushungi wake ili watu wasimwone uso. Alikamua mpaka hapakuwa na tone la kutoka, na bado akakamua. Nyuma yake watu walikuwa wakilishangilia jina la mwengine.

Hori la Kitoni, mkono mwembamba wa bahari, liko kusini mwa Unguja, na siku nyingi za mwezi ni mahali pakimya, pa mikoko na kaa. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, baada ya adhuhuri bahari huingia pale kwa pupa. Maji mengi hutaka kupita mahali pembamba, na chini kuna jiwe lililoinuka kama kizingiti. Hapo mkondo hukimbia, ukachemka, ukajikunja na kurudi nyuma ukingoni, utadhani mto wa milimani. Wenyeji walizoea kupakwepa. Aliyepapenda ni Mudrik, karani wa bandarini mjini, ambaye alisoma ng'ambo na huko akajifunza mchezo wa kupitisha mitumbwi kwenye malango katika maji ya kasi. Aliporudi alitafuta miaka mitatu maji ya kuuchezea katika kisiwa kisichokuwa na mto wa maana. Siku alipoalikwa Kitoni kula kaa, alisahau kula. Alisimama ukingoni akitazama mkondo tu.

Mchezo wenyewe kuueleza si kazi. Juu ya mkondo hupitishwa kamba, na kwenye kamba huning'inizwa fimbo mbili mbili. Kila fimbo mbili ni lango. Lango la kijani unalipita ukishuka na maji. Lango jekundu unageuka na kulipita ukiyapanda maji, na hapo ndipo kifua hujulikana. Ukigusa fimbo unaongezewa sekunde mbili. Ukilikosa lango, hamsini. Hamsini ni sawa na kuambiwa funga virago.

Badria alikuwa na miaka ishirini na miwili. Yeye na mama yake, Bi Mwatum, walikuwa wakulima wa mwani, na tangu utoto alikuwa akipita na mtumbwi wa marehemu babu yake chini ya matawi ya mikoko, akijilaza huku na kule asikwaruzwe. Klabu ya Mudrik ilipotangaza kufundisha wasichana wa kijijini, alikuwa wa kwanza kufika. Alipewa mtumbwi wa plastiki uliokwisha kuzibwa mara nne, akaupenda kama kitu alichozaliwa nacho. Mwaka mzima alifanya mazoezi kila bamvua, na sasa yalikuwa mashindano ya kisiwa kizima. Wasichana wawili wa kwanza wangekwenda Jinja, Uganda, kwenye kambi ya mafunzo ya wiki tatu katika Mto Nile.

Kila mshindani alipewa safari mbili, na iliyo bora ndiyo inayohesabiwa. Safari ya kwanza Badria alipinduka lango la nne. Ya pili aliikamata vizuri tangu mwanzo. Malango sita aliyapita kana kwamba maji yenyewe yamemshika mkono. Lango la saba lilikuwa jekundu, karibu na jiwe. Aligeuka kulipanda, na pale pale mkondo ukaidaka omo, ncha ya mbele ya mtumbwi, na kuivutia kushoto. Aliona wazi kuwa hawezi kuirudisha. Hakufikiri. Mwili ulifanya ulichokizoea chini ya mikoko: alijilaza upande wa kulia, akachomeka kafi, akapitisha kichwa baina ya fimbo mbili huku omo ikiteleza chini ya fimbo ya kushoto, nje ya lango. Fimbo haikutikisika. Akaendelea, akamaliza malango matatu yaliyobaki, akavuka mstari kwa sekunde mia na kumi na nane.

Kisha matokeo yakabandikwa kwenye ubao. Wa kwanza Muzdalifa wa Nungwi, mia na tisa. Wa pili Asila wa mjini, mia na ishirini na moja. Mbele ya jina la Badria, chini ya lango la saba, palikuwa na 50.

Bi Mwatum alimkuta mwanawe pale pale ufukweni na ushungi mkononi. Alimfuta tope shavuni kwa upindo wa kanga, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa na miaka mitano.

"Twende nyumbani," Badria alisema.

"Twende, mwanangu."

Walikuwa wameshaukamata mtumbwi huku na huku ili waurejeshe bandani, walipomwona mama mmoja wa makamo akija kwa haraka juu ya tope, buibui amelipandisha mpaka kwenye viwiko vya miguu, viatu mkono mmoja na faili la plastiki mkono wa pili. Alikuwa Bi Kazija wa Bububu. Badria alimjua kwa sura. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kabla ya kuingia katika mitumbwi alipuliza filimbi ya netiboli miaka ishirini na sita. Siku hiyo alikuwa mwamuzi wa lango la sita na la saba, amekaa tangu mchana juu ya dungu la miti lililojengwa kwenye mikoko.

"Shikamoo, Bi," Badria alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye namba kumi na nne?"

"Naam."

"Mimi ndiye niliyekuandikia hamsini." Alivuta pumzi. "Ulipofika lango la saba, ulifanya nini?"

Badria alidhani anasutwa. "Nilikosea, Bi. Nnajua."

"Sikukuuliza kama ulikosea. Nimekuuliza ulifanya nini."

Basi Badria akamweleza: omo ilivutwa, akaona hawezi kuigeuza, akajilaza, akapitisha kichwa ndani, omo ikapita nje chini ya fimbo. Bi Kazija alisikiliza huku akitazama nakala aliyojiwekea ndani ya faili lake. Kisha akamgeuzia aione. Waamuzi wa malango walifundishwa kuchora kila adhabu wanayoitoa, na pale palikuwa na mchoro: nukta mbili za fimbo, umbo la mtumbwi limelala kimshazari, na duara dogo la kichwa. Omo nje, kichwa ndani.

"Ndivyo," Badria alisema kwa mshangao. "Ndivyo hasa ilivyokuwa."

"Nilikuandikia hamsini kwa sababu omo ilikuwa nje," Bi Kazija alisema. "Karatasi ikachukuliwa. Wasichana waliokufuata wakapita, kazi ikesha, nikabaki pale juu peke yangu, na moyo haunitulii. Nikautoa mstari wa kanuni nikausoma tena. Unasema: kichwa chote cha mshindani na sehemu ya mtumbwi wake vipite baina ya fimbo kwa wakati mmoja. Sehemu ya mtumbwi. Hausemi omo. Neno omo nimelitia mimi, kichwani mwangu."

Bi Mwatum akadakia, "Basi si uifute, dada yangu?"

"Siwezi. Karatasi ikishatoka mkononi mwangu si yangu tena. Lakini mshindani ana dakika ishirini za kulalamika kwa maandishi, tangu matokeo yabandikwe. Zimeshapita saba."

Badria alimtazama yule mama, miguu yake imezama kwenye tope hadi vifundoni. Hakujua kuwa kulalamika kunaruhusiwa. Kijijini kwao, ukishaambiwa umeshindwa na wenye karatasi, ndiyo umeshindwa.

"Niandike nini, Bi?"

"Hilo siwezi kukwambia. Andika ulichofanya, usiandike unachotaka."

Alimwachia karatasi moja tupu na kalamu, akarudi zake.

Badria alipiga magoti, akaiweka karatasi juu ya mgongo wa mtumbwi. Mama yake alimwinamia sikioni. "Usiandike kuwa omo ilikuwa nje. Andika umepita lango, umalize. Wenyewe hawajakubaliana, wewe uwasaidie kukuhukumu?"

Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa aliitaka Jinja kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alikaa na kalamu hewani. Lakini alipofumba macho aliiona omo ikipita nje, wazi kama mkono wake, na hakupata namna ya kuiandika ikiwa ndani. Akaandika: "Namba 14. Lango la saba, nikipanda mkondo, omo ilipita nje ya fimbo ya kushoto, chini yake. Kichwa changu chote kilipita ndani. Sikugusa."

Mudrik, aliyekuwa mwamuzi mkuu, alikuwa amekaa mezani chini ya turubai. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaomba mchoro wa lango la saba, akaviweka pamoja. Kisha akamwita Saud.

Saud alikuwa fundi wa mafriji wa Malindi, na ndiye aliyemfundisha Asila. Hamsini ikifutwa, msichana wake angeshuka nafasi ya tatu, kwa hivyo alikuwa na haki ya kusikilizwa. Alikuja akijifuta mikono, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mudrik, mimi nimekulia katika watu wa vyombo," alisema. "Babu zangu walikuwa manahodha. Chombo kinaingia bandarini kwa omo. Omo ikiwa nje, chombo kiko nje, hata nahodha akinyoosha shingo vipi." Watu waliosimama karibu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Na hapo pameandikwa kwa wakati mmoja. Maana yake kichwa na mtumbwi viingie pamoja. Huyu kichwa kimepita hapa, mtumbwi umepita kwengine. Mwenyewe ameandika."

Badria alimwona ana haki. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba kila neno la yule bwana lilimkaa sawa.

Mudrik aliurudia mstari wa kanuni kwa kidole. "Kanuni hii nimeifasiri mimi," alisema hatimaye. "Ningetaka omo ningeandika omo, kwa hilo nina hakika. Lakini kwa wakati mmoja, ndiyo, inasomeka hivi na inasomeka vile. Kosa hilo ni la kalamu yangu, si la mshindani wala la mwamuzi wa lango."

"Basi tufanyeje?" Saud aliuliza.

Aliyejibu ni Bi Kazija, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote. "Maji yamejaa, yamesimama. Tuutieni mtumbwi langoni tuutazame."

Na kweli, ilikuwa karibu na alasiri, na lile hori lililokuwa likichemka sasa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Wakateremka. Watu wawili wa klabu ambao mchana kutwa kazi yao ilikuwa kuvuta kamba juu kila maji yanapopanda waliziweka fimbo za lango la saba shibiri moja kutoka kwenye maji, kama zilivyokuwa. Badria akaingia mtumbwini, akavaa helmeti yake nyekundu. Bi Kazija akapanda tena dunguni. Mudrik akapanda mtumbwi mwengine, akakaa usawa wa lango. Saud akavua viatu, akaingia majini na suruali yake, akaishika omo ya mtumbwi wa Badria kwa mikono yake mwenyewe na kuivuta nje ya fimbo ya kushoto, mpaka ikalala kama ilivyochorwa.

"Jilaze kama ulivyojilaza," alimwambia.

Badria akajilaza. Kichwa kikaingia chote baina ya fimbo.

Mudrik alipima kwa macho kutoka fimbo hadi fimbo. "Mstari unapita juu ya magoti yake," alisema. "Magoti yamo ndani ya mtumbwi, na hapo mtumbwi umo ndani ya lango."

"Ngoja," Saud alisema. Akausukuma mtumbwi kushoto zaidi, kutafuta mahali ambapo kichwa kitabaki ndani na mtumbwi wote utoke nje. Kila alipousukuma, kichwa cha Badria kilifuata, fimbo ikaanza kumgusa sikio. Akajaribu mara ya pili, kwa pembe nyengine. Akajaribu ya tatu, jasho likimtoka. Kisha akauachia, akasimama pale maji yakiwa kifuani.

"Haiwezekani," alisema taratibu. "Mtu amekaa mtumbwini. Kichwa kikiwa ndani chote, pale alipokaa pako ndani pamoja nacho, saa ile ile. Hakiwezi kupita peke yake."

"Basi hiyo ndiyo kwa wakati mmoja," Mudrik alisema.

"Ndiyo hiyo." Saud akafikiri. "Lakini limebaki neno moja. Kichwa chote. Sasa hivi ni chote kwa sababu tumemweka. Je, ile saa, na mkondo ule?"

Wote waliinua macho dunguni. Hapakuwa na kamera iliyokamata lango la saba, kwa kuwa mikoko iliziba. Palikuwa na macho mawili ya mwalimu mstaafu.

"Nilikiona chote," Bi Kazija alisema. "Baina ya helmeti yake na fimbo niliyaona maji yanamemetuka. Kwa hilo sikuwa na shaka, wala sina sasa. Nilichokosea ni maana ya neno. Jicho langu halikukosea."

"Na ungekuwa na shaka?" Saud aliuliza.

"Ningesema nina shaka, na shaka ni haki ya mshindani, na wewe unajua hivyo. Lakini sitasema nina shaka ili niwarahisishie."

Saud akaitikia kwa kichwa, akayakata maji kuelekea ufukweni.

Hamsini ikafutwa. Lakini Bi Kazija hakuondoka mezani. Aliomba karatasi zake zote za siku ile, akazipitia moja moja kidole kikiwa juu ya mistari, mpaka akamkuta mshindani mmoja wa mwanzo wa mchezo, msichana wa Mangapwani, aliyemwandikia hamsini kwa sababu ile ile. Naye akarekebishiwa. Ilimtoa nafasi ya kumi na moja ikamweka ya tisa, na hapakuwa na mtu aliyeshangilia, ila Bi Kazija alishusha mabega kama aliyetua ndoo.

Saud mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia Asila. Badria aliwaona kwa mbali, msichana ameficha uso kwenye mikono, mwalimu wake amechuchumaa mbele yake. Baadaye Asila alikuja akasema "Hongera" bila ya kumtazama, akaenda zake. Badria hakumlaumu. Saa moja nyuma yeye ndiye aliyekuwa akikamua ushungi mkavu.

Machozi yake mwenyewe yalikuja njiani kwenda nyumbani, na mama yake akadhani ni ya furaha ya safari.

"Siyo, mama," alisema. "Yule Bi angeweza kukaa kimya. Hapana mtu aliyemuuliza. Ameshuka mitini, akapita kwenye tope, akaja kusema mbele ya watu wote kuwa amekosea. Kwa ajili yangu, na hanijui."

Bi Mwatum alipunguza mwendo. "Na mimi nilikwambia uifiche omo," alisema mwisho. "Alhamdulillahi hukunisikia."

Wiki iliyofuata walikwenda Bububu, na Bi Mwatum alibeba pweza mkavu aliyefungwa vizuri kwenye kikapu cha ukili. Bi Kazija aliwakaribisha kwa furaha, akawatandikia mkeka, akaleta kahawa na kashata. Kikapu alikirudisha karibu na miguu ya mwenyewe.

"Msinione vibaya. Msimu haujesha. Mimi bado mwamuzi, na huyu bado mshindani."

"Sasa tukushukuru kwa nini?" Bi Mwatum aliuliza, karibu kuudhika.

Bi Kazija alizungusha kikombe mkononi. "Mimi ndiye wa kushukuru," alisema. "Nimepuliza filimbi miaka ishirini na sita. Yako maamuzi nilijua nimekosea kabla mpira haujaanguka, na nikaendelea, kwa kuogopa kuwa nikirudi nyuma mara moja hawataniheshimu tena. Kuna binti mmoja wa skuli ya Ng'ambo, pale mjini, mpaka leo namkumbuka uso. Pale Kitoni nilipokuja kukuuliza, nilikuwa naogopa vile vile. Ungeandika uongo, ningebaki nao mimi: mchoro wangu unasema omo nje, na wewe unasema ndani. Uliandika vile vile nilivyochora. Ulinipa pa kusimama."

Badria aliushika mkono wa yule mama, akaubusu kama anavyombusu bibi yake.

Siku ya safari, Saud alifika uwanja wa ndege. Alikuwa amebeba kafi lake mwenyewe, jepesi, la ng'ambo, ambalo hakuwahi kumwazima mtu. "Lile lako zito," alisema. "Utalirejesha. Asila atalihitaji mwakani." Badria akalipokea kwa mikono miwili, na alipotaka kushukuru, Saud alikuwa ameshageuka.

Jinja ilimpiga. Siku za mwanzo alipinduka mpaka akachoka kuhesabu. Katika mashindano ya kufunga kambi alikuwa wa kumi na mbili kati ya kumi na tisa, na alipata hamsini moja, ya haki kabisa. Kichwa kilibaki nje, na mwenyewe alijua. Lakini kila asubuhi aliamka na furaha asiyoweza kuificha. Jioni ya mwisho alikaa kwenye jiwe ukingoni, akamrekodia Bi Kazija sauti kwenye simu.

"Bi Kazija, shikamoo. Nnakwambia, huku maji hayapwi wala hayajai. Yanakwenda tu, usiku na mchana, upande mmoja. Mtu hangojei bamvua. Nnayatazama nnakukumbuka. Mungu akulipe kheri, Bi wangu. Nisingeyaona haya."

Jibu lilikuja kabla hajainuka pale. Nyuma ya sauti yake walisikika kuku na mtu anayechota maji.

"Marahaba, mwanangu, nimekusikia. Alhamdulillahi. Sasa nambie, na waamuzi wao hukaa wapi? Wako karibu na fimbo, au wanawaweka mbali? Na ile kanuni yetu, wao wanaisomaje? Niandikie yote, usinifupishie."